Eustakia Alivyomnyima Juvenali Utamu

Mabawe nzima ilijua kwamba rubisi ya Eustakia, pombe ile ya ndizi, haina mpinzani, na Eustakia mwenyewe alilijua hilo kuliko Mabawe nzima. Kwao ni Nyamigogo, upande wa Biharamulo, nyumba ya wakulima wa mahindi na mihogo, na siku alipoletwa Mabawe, wilayani Ngara, kama mke wa Juvenali hakuweza kutofautisha ndizi ya kupika na ndizi ya kukamua. Wifi yake Anjelika alimcheka kwa hilo mwaka mzima. Basi Eustakia akajifunza kwa hasira, na mtu anayejifunza kwa hasira hasahau kitu. Watoto walipoanza kuota meno nyumbani mwake, hata watu wa Mbuba walikuwa wanatembea kuja kunywa kwake, na Anjelika akawa anakuja kuazima maarifa akijifanya amekuja kuazima chumvi.

Kazi waliifanya wawili. Juvenali ndiye aliyechimba shimo, akalitandika majani ya mgomba, akapanga mikungu ndani na kuipashia moto wa pembeni mpaka ndizi zikaiva zote kwa pamoja. Juvenali ndiye aliyezikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, mikono imezama hadi viwiko. Lakini shimo lifunuliwe lini, maji yaongezwe kiasi gani, unga wa mtama uliokaangwa utiwe kiasi gani, mtumbwi ufunuliwe lini, hayo yalikuwa ya Eustakia peke yake. Alichovya kidole, akalamba, akafumba macho. Juvenali alisimama pembeni kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

"Imeiva?"

"Bado."

Na ikiwa bado, ni bado. Hapakuwa na rufaa. Majirani walimtania Juvenali kwamba nyumbani kwake hata jua linaomba ruhusa kabla ya kuchwa, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mkewe akikosea.

Cha ajabu ni kwamba mkamuaji huyo hakunywa rubisi. Ilimpa kiungulia. Alichokipenda ni umutobe, ile juisi ya ndizi siku ile ile inapokamuliwa, tamu, kabla haijatiwa mtama wala kuanza kuchachuka. Kwa desturi ya kule, hupewi kinywaji mpaka aliyekileta ameonja mbele yako, ujue ni safi. Na akishaonja, kibuyu cha kwanza ni cha mwenye mji. Kila walipokamua, Eustakia alionja umutobe, akamkabidhi mumewe, na Juvenali akanywa mpaka akalazimika kuvuta pumzi. Baada ya hapo ndipo wengine walipofikiriwa.

Ugonjwa ulikuja ukijifanya uvivu. Mtu aliyekuwa akikamua tangu asubuhi bila kupumzika alianza kutafuta mahali pa kukaa. Shati lake likawa linalowa jasho hata bila kazi. Ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, tumbo likawa gumu, na watu wakasema ni bandama, malaria za utotoni hizo. Akanywa dawa ya malaria ikaisha, ugumu ukabaki pale pale. Walipompima damu hospitalini, mpimaji aliangalia kwenye darubini, akamwita mwenzake naye aangalie, na Eustakia alipoona wanaitana hivyo, akajua si malaria. Wakaandikiwa kwenda Mwanza, hospitali ya rufaa.

Huko walikutana na Daktari Uwimana, mwanamke mdogo kwa umri, mrefu, aliyekulia Mbuba. Aliwaamkia kabla hawajakaa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," walisema wote wawili, na Eustakia akapata nafuu kidogo kusikia lafudhi ya nyumbani.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema ni saratani ya damu, ile inayokwenda taratibu, na kwamba ina dawa ya vidonge, vya kumeza kila siku pamoja na chakula. Juvenali aliitikia kwa kichwa. Eustakia ndiye aliyetaka kujua zaidi, maana hakuzoea kupokea jambo bila kujua limeiva wapi.

"Hiyo saratani inafanya nini humo ndani?"

Daktari alivuta kiti karibu. "Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Napika rubisi."

"Basi utanielewa upesi." Na akaeleza. Seli za damu huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kila seli inachukua sukari kutoka kwenye damu na kuichoma kwa msaada wa hewa tunayovuta, taratibu, isipoteze kitu, ipate nguvu ya kufanya kazi yake. Ndani ya Juvenali kuna seli moja iliyoharibikiwa na amri zake. Ikazaa zinazofanana nayo, nazo zikazaa. "Hizi haziishi kama zile nzima. Zinavuta sukari kwa pupa, halafu haziichomi sawasawa. Zinaichachusha tu juu juu, hata hewa ikiwapo tele. Inayobaki zinajengea nyingine kama zenyewe, zizidi kuongezeka, mpaka seli nzima zinakosa mahali pa kukaa."

Eustakia alimtazama. "Zinapika pombe ndani ya mume wangu?"

Daktari alicheka, na hata Juvenali akacheka. "Si pombe, mama. Ila kazi ni ya ukoo mmoja."

Mgonjwa mwingine aliitwa, mlango ukafunguliwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Laiti yangeendelea kidogo tu! Kwa sababu katika safari nzima ya kurudi, basi likipita Biharamulo hadi milima ya Ngara, Eustakia alikuwa kimya akikokotoa jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelikokotoa. Mpishi yeyote wa rubisi anajua kwamba umutobe usio na utamu hauchachuki. Ukikamua ndizi mbichi, weka mtama utakavyo, funika kwa mablanketi yote ya nyumbani, hupati kitu. Utamu ndio chakula cha pombe. Kwa hiyo pombe inayopikwa ndani ya Juvenali ikikosa utamu itakufa yenyewe. Ilikuwa wazi hivyo. Akashangaa kwa nini daktari hakulisema, akaamua kwamba labda madaktari hawapendi kutoa siri zote.

Nyumbani alianza na sukari ya chai. Halafu ndizi mbivu. Halafu asali iliyoletwa kutoka Nyamigogo na ndugu zake. Umutobe ndio usiseme. Baadaye akakumbuka kwamba viazi vitamu vina jina lao kwa sababu, akaviondoa. Akakumbuka kwamba mtama wenyewe ukikaangwa unatoa utamu, na muhogo ukitafunwa sana mdomoni unakuwa mtamu, akaondoa ugali. Akaondoa ndizi za kupika. Ikabaki mboga za majani, maharage kidogo, na dagaa walipopatikana.

"Mama Diane, hiki ndicho chakula chote?" Juvenali aliuliza mara moja tu, sahani ikiwa mapajani.

"Baba Diane, tunaishindisha njaa hiyo saratani. Ikikosa utamu itakufa."

"Ego," akasema Juvenali kwa Kihangaza, yaani ndiyo, na akala majani yake.

Usimwone Eustakia kuwa katili. Alimpenda mume yule kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuyasema kwa maneno, na kila alipomwekea sahani nyepesi alitoka nje haraka asimwone akila. Yeye mwenyewe aliacha chai ya sukari ili wawe wawili katika shida hiyo. Ila alikuwa na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kuharibu mtumbwi mmoja tangu ajue kupika, na kiburi cha namna hiyo hakina mahali pa kutilia shaka.

Mwanzoni mambo yalionekana kumpa haki. Ule ugumu wa ubavuni ulipungua, jasho likakatika. Eustakia alisema kimoyomoyo, nimekuweza. Kumbe vilikuwa vidonge. Halafu Juvenali akaanza kutapika kila baada ya kumeza dawa, kwa maana vidonge vile havitaki tumbo tupu, na majani yale hayakuwa chakula cha kuvipokea. Mara nyingine kidonge chenyewe kilitoka kizima. Eustakia alimshika paji la uso huku akimwambia, "Toa, toa, ndio ugonjwa unaotoka huo." Mashavu ya Juvenali yakaingia ndani. Mkanda wake ukahitaji tundu jipya, halafu jingine. Mikono ile ya kukamulia ikawa mifupa na mishipa.

Ndipo Diane, binti yao aliyeolewa Biharamulo, alipoleta mtoto wake wa kwanza aonwe na babu. Kwa jambo kama hilo hakuna nyumba ya Mabawe inayokaa kimya. Vijana wa jirani walikamua badala ya Juvenali, majirani wakajaa uani, Anjelika akaja na kitenge chake cha sikukuu. Juvenali alikaa kwenye kiti chake, mjukuu mapajani, koti limemning'inia mabegani, na alikuwa na furaha ambayo hata ugonjwa haukuweza kuifanyia lolote.

Eustakia alitoka na kibuyu cha umutobe. Akaonja. Watu wakanyamaza wakingoja kibuyu kiende kinakostahili kwenda. Mkono wa Juvenali ulikuwa umeshainuka.

Eustakia akampita. Akampa jirani aliyekuwa amekaa baada yake.

Yule jirani alishika kibuyu kama aliyepewa kitu cha wizi, hajui anywe au arudishe. Kumpita mwenye mji mbele ya wageni, nyumbani kwake, siku ya mjukuu wake, ni tusi ambalo kule hata mke aliyekosana na mumewe halitamki. Mkono wa Juvenali ulishuka polepole, ukaenda kumfunika mtoto kichwa, kama kwamba ndiyo kazi uliyokuwa umeinukia.

"Wewe!" Anjelika alisimama. "Unamfanyia nini kaka yangu? Mtazameni! Mifupa mitupu! Unamuua kwa njaa halafu unamwaibisha mbele za watu?"

"Namponya," Eustakia alisema. "Wewe hujui kinachopikwa ndani yake. Mimi najua."

"Kaa chini, Anjelika," Juvenali alisema kwa upole. "Mama Diane anajua anachofanya."

Anjelika alichukua kitenge chake akaondoka, na tangu siku hiyo hakumsalimia tena wifi yake hata walipokutana kanisani.

Haikupita muda mrefu, Juvenali alianguka karibu na shimo la ndizi alipojaribu kusogeza jani moja la mgomba. Jani tu. Eustakia alimwinua, na kilichomtisha si kuanguka bali kuinua kwenyewe: alimbeba peke yake, bila kuita mtu, mwanamume aliyekuwa akihitaji nafasi ya watu wawili kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu warudi Mwanza, akaogopa. Walisafiri kabla tarehe yao ya kliniki haijafika.

Daktari Uwimana alimtazama Juvenali alipoingia, akasahau hata kuamkia. Akachukua damu. Majibu yalipotoka alisema dawa ilikuwa imeanza vizuri sana, kisha ikaanza kushindwa. Akauliza kama anameza kila siku. Anameza, walisema. Akauliza kama anatapika. Ndiyo. Akauliza anakula nini.

Eustakia alieleza yote bila kuficha, na mwanzoni alieleza kwa fahari, maana bado sehemu yake moja ilitegemea kusifiwa. Alieleza ndizi mbichi zisivyochachuka. Alieleza viazi, muhogo, na mtama. Kadiri alivyoendelea, uso wa daktari ulizidi kubadilika, na Eustakia akaanza kupunguza sauti, mpaka akamalizia kwa kunong'ona.

Daktari aliweka chini karatasi ya majibu. "Mama, kosa hili si lako peke yako. Nilikupa mfano nikauacha nusu, nikamwita mgonjwa mwingine. Nisamehe." Akavuta kiti kama siku ile. "Ni kweli seli hizo zina pupa ya sukari. Lakini sukari ya kwenye damu haingoji mdomo. Mtu asipokula, ini lake linatengeneza sukari lenyewe, na mwili ukizidi kukosa, unavunja nyama yake ili ini lipate cha kutengenezea. Zile seli zimejifungulia milango mingi ya kuvutia sukari, zinapata kwanza. Anayekosa ni baba."

Eustakia alitazama mikono ya mumewe. Alitazama mahali palipokuwa na misuli.

"Kumbe nilikuwa namkamua yeye," alisema.

Juvenali alisogeza goti lake likagusa la mkewe.

"Na vidonge?" Eustakia aliuliza baada ya kujifuta macho. "Vyenyewe vinafanya nini?"

"Vinanyamazisha ile amri iliyoharibika. Amri ikinyamaza, seli inaacha pupa, inafunga ile milango, na nyingi zinakufa. Hiyo ndiyo njia ya kuzinyima, mama, siyo sahani. Ila kidonge lazima kikae tumboni, na hakikai bila chakula. Ale. Ale ugali, ale ndizi, ale kila alichokuwa anakula. Bado hatujachelewa, lakini tusicheze tena."

Walirudi Mabawe. Kabla hajafungua mlango wa nyumba yake, Eustakia alikwenda kwa Anjelika. Hilo kwake lilikuwa gumu kuliko safari nzima. Alimkuta anachambua maharage, akapiga magoti hapo hapo kwenye maganda.

"Wifi, ulisema namuua. Ulikuwa unasema kweli."

Anjelika alikuwa ameandaa maneno makali tangu siku ya mjukuu, tena mazuri, ya kupangwa. Alipomwona yule mwanamke mwenye kiburi amepiga magoti, maneno yote yakamtoka kichwani. Akamvuta akae.

"Nilijaribu kumlisha," Anjelika alisema. "Hujui. Kila jioni ulipokwenda kuchota maji nilipita nyuma ya banda la mbuzi na sahani. Ndizi na maharage, nimefunika kwa jani, bado za moto. Alikuwa ananusa, Eustakia. Ananusa, machozi yanamlengalenga, halafu ananirudishia. Nikamwambia kula, mkeo hayupo, nani atajua? Akanijibu, Mama Diane hajasema."

Eustakia alilia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka watu wakachungulia kutoka kwenye migomba kuuliza nani amefariki. Anjelika akawafukuza kwa mkono. Akamwacha wifi yake alie mpaka akamaliza, kisha akampa mkungu mzima wa ndizi akapike.

Juvenali alikula kidogo kidogo, kama walivyoelekezwa, maana tumbo lililozoea njaa halipokei kwa pupa. Kutapika kukakoma. Ugonjwa haujaondoka, ameambiwa vidonge ni vya maisha, na kila kliniki Eustakia hushika rozari yake mkononi mpaka majibu yatoke. Lakini damu yake inaendelea kusafika, na tundu moja la mkanda limeachwa, halafu la pili.

Siku waliyokamua tena, Eustakia aliita watu wale wale, hata yule jirani aliyepewa kibuyu kisichokuwa chake. Juvenali hakukamua, bado, ila alisimama kwenye mtumbwi akiwarekebisha vijana namna ya kushika nyasi. Walipomaliza alikaa kwenye kiti chake. Kila mtu alikumbuka.

Eustakia alichota umutobe, akaonja mbele yao wote. Akaenda moja kwa moja kwa mumewe, akapiga magoti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Juvenali alipokea kibuyu lakini hakukipeleka mdomoni. Alimtazama mkewe, kwa uso ule ule wa miaka yote, bila kinyongo, akingoja.

"Imeiva?"

Eustakia alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi mno kwa kujiamini, na sasa alijua uzito wake: kwamba mtu huyu angekaa na kiu mbele ya kibuyu kilichojaa mpaka afe, kama yeye angesema bado.

"Imeiva, Baba Diane," alisema. "Na siku nyingine usiningoje mimi. Kunywa."

Juvenali akanywa mpaka akalazimika kuvuta pumzi. Akapangusa midomo, akamrudishia kibuyu kitupu, akaomba kingine.